Kijivu cha Upande wa Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, mlinzi wa mlango alinitazama toka kichwani mpaka viatuni, kisha akaninyooshea kidole: "Mama, mufagio iko kule nyuma ya mulango." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa gauni alilonishonea kaka yangu mtaani kwetu Kamalondo, Lubumbashi, na mkononi nina barua ya kuajiriwa yenye muhuri. Nikamwambia, "Baba, nilikuya juu ya kuchora. Hapana juu ya kufagia." Akacheka. Akamwita na mwenzake aje acheke pamoja naye. Mpaka leo nikimkumbuka roho inanichemka, ingawa mwenyewe alishakufa siku nyingi, Mungu amrehemu.

Nimeanza hapo ili mnijue. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Lakini hasira iliyonishikisha kalamu leo haihusu ufagio. Inahusu plani moja, yaani ramani, ya mahali fulani pembeni ya mji wa Kipushi, plani niliyoichora kwa mkono wangu nikiwa kijana, ambayo watu fulani waliichukua wakaiosha kwa sabuni kama nepi ya mtoto. Kwa sababu hiyo binti yangu Béatrice, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Kipushi, nusura ajenge madarasa sita juu ya shimo. Madarasa ya watoto, jamani! Lakini kwanza lazima mjue sisi tulifanyaje kazi, la sivyo mtaona ni kelele za mwanamke mzee tu. Naandika Kiswahili tulichofundishwa na masista shuleni. Wakubwa wangu nitawaacha waseme vile walivyosema.

Chumba cha Kuchora kilikuwa orofa ya pili katika kampuni ya migodi ambayo sina haja ya kuitaja. Meza zilipangwa safu mbili, zimeinamishwa kuelekea madirishani, na kila meza ina mwanaume mmoja mwenye koti jeupe la kazi. Mkubwa wetu tulimwita Shefu wa Biro, yaani mkuu wa ofisi. Alikuwa mfupi, mtu wa kaskazini, aliyesoma seminari akaiacha, na sauti yake haikupanda hata siku moja. Alisoma barua yangu, akaniuliza, "Weye mutoto wa nani?" Nikamtajia baba yangu, aliyefanya kazi reli. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameridhika. "Bon. Leo hautachora kitu. Leo utajua wino."

Siku nzima nikakaa na chupa mbili mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa wino wa kalamu ya kujaza, ile kalamu yenye tumbo unayoivutia wino toka chupani. Wino huo ni mwepesi, unatiririka vizuri, na ukiugusa kwa maji unayeyuka hata baada ya miaka. Huo tuliutumia kwenye daftari, kwa kroki, yaani mchoro wa haraka unaofanywa nje mahali penyewe. Chupa ya pili ilikuwa wino wa China. Huo ni mzito, mweusi kweli, na ukikauka umekauka, hata mvua haiutoi. Huo ulikuwa wa plani yenyewe, ukichorwa kwa tiralini, kalamu ya chuma yenye midomo miwili inayokazwa kwa skrubu ili mstari uwe mwembamba au mnene.

Siku ya pili nikatia wino wa China ndani ya kalamu ya kujaza. Ulikauka kooni mwake kabla ya saa sita. Shefu wa Biro aliishika kalamu ile, akaipuliza, akaiweka juu ya meza yangu. "Umeua kalamu," alisema, basi. Nikamjibu kwamba chupa zinafanana, na kwamba kosa ni la watu wa stoo waliozibandika karatasi za rangi moja. Kalamu ile iliyokufa ikakaa mezani pangu mwezi mzima, na hakuna aliyeruhusiwa kuiondoa. Niliona ni uonevu mtupu.

Plani tulizichora juu ya kitambaa cha kalke. Ni kitambaa chembamba cha pamba kilichopakwa wanga mpaka kikang'aa na kuonyesha kilicho chini yake. Maji ndiyo adui yake. Tukiharibu kipande, wanaume walikipeleka nyumbani, wake zao wakakichemsha kwa sabuni mpaka wanga wote ukatoka, kikabaki kitambaa laini ajabu. Kaka yangu alishona nguo za ubatizo nyingi kwa kalke zilizoharibika. Kamalondo nzima ilijua: kalke na sabuni vikikutana, hapo hakuna plani tena.

Sasa sikilizeni vizuri. Mistari yote ilichorwa upande wa mbele. Lakini lavi, yaani wino uliotiwa maji na kupakwa kwa brashi ili ulete kijivu, ilipakwa upande wa nyuma. Kwa nini nyuma? Kwa sababu mbele tulikuwa tunasahihisha: ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe na kuuchora upya, na kama kijivu kiko chini yake, umekikwangua nacho. Kikiwa nyuma kinatulia. Na taa ya mashine ya kopi ilipopenya kitambaa, kijivu kilitokea kwenye kopi bila tabu. Kila mtu wa kazi, ukimpa plani, kitu cha kwanza aliigeuza. Aliyesoma mbele tu tulimhesabu kuwa mgeni.

Kijivu hicho hakikuwa pambo. Ardhi ngumu iliachwa wazi. Ardhi iliyochimbwa kisha ikajazwa mawe ya takataka ya mgodi, tuliyoiita remble, ilipakwa kijivu. Shefu wa Biro alinisimamisha mbele ya wote akanieleza. "Mustari inasemaka mahali iko wapi. Lavi inasemaka chini kuko nini. Ukisahau lavi, muntu atajenga nyumba juu ya shimo, na bandugu yake batalia. Umesikia?" Nilisikia.

Miezi mitano alininyima brashi. Aliponipa, nilijua kwa nini. Unatia matone machache ya wino wa China ndani ya kisahani cha maji na nyongo kidogo ya ng'ombe ili wino ushike kwenye wanga. Unajaribu pembeni, unangoja ikauke, kwa maana ikiwa mbichi inakudanganya. Unaiinamisha meza. Brashi karibu kavu, mkono haraka, unaanzia juu na kuliongoza tone lishuke, wala hurudi nyuma hata ukiona umekosa. Ukirudi unaacha pindo, na pindo halitoki. Tabaka tatu nyepesi zinashinda moja nzito. Wanaume wawili katika chumba kile hawakuiweza mpaka wakastaafu, na wote wawili walilipwa kuliko mimi. Tuyaache hayo.

Mwaka wa nne nikapelekwa Kipushi. Mkubwa wa huko alikuwa Mpimaji Mkuu, mtu mrefu mwenye kofia ya majani na ulimi wa pilipili. Alikuwa ameomba mchoraji wa plani, na aliponiona alisema mbele ya vibarua wake, "Miye niliomba desinateri, banatumia miye bibi-arusi." Nikamwambia bibi-arusi yuko tayari, twende shimoni. Akanipeleka kweli, jua la mwezi wa kumi, akitembea mbio makusudi. Sikubaki nyuma hata hatua moja, na viatu vyangu vikaisha siku ile ile.

Lakini haki yake nampa: kroki nilifundishwa naye. Alikuwa na daftari dogo, kalamu ya kujaza, brashi moja na kichupa cha maji shingoni. Alichora ukingo wa shimo kwa mstari mmoja bila kunyanyua mkono. Kisha akalowesha brashi kwa maji matupu, akaugusa mstari upande wa kivuli tu, na wino wa mstari wenyewe ukatoka ukatanda, ukawa kivuli. Hakupaka rangi yoyote. Shimo likaonekana lina kina. "Usiguse mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza ni kivuli. Mara ya pili ni matope." Maji yakiisha alitumia mate. Kiangazi ulikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili kabla wino haujakauka. Masika ulingoja mpaka ukakasirika. Na vumbi la mgodi likiingia kwenye ncha ya kalamu, mstari unakwaruza na kuruka, basi unaipangusa kwenye pindo la nguo. Magauni yangu yote ya wakati ule yalikuwa na doa mahali pamoja.

Mahali ninapotaka kuwaeleza palikuwa nje kidogo ya mji. Watu wa zamani walichimba shaba pale kwa mikono, baadaye kampuni ikachimba zaidi, kisha ikajaza shimo mawe meusi, mbao na nyaya. Juu wakaweka udongo mwekundu, kimo cha kiuno, wakaushindilia. Nyasi zikaota. Ukipita unaona uwanja mzuri. Mimi na Mpimaji Mkuu tuliuzunguka siku tatu na daftari na darubini ya kupimia, mpaka tukaupata ukingo wote. Kisha nikachora plani na kupaka kijivu. Ilikuwa miaka ya shida, vitu havipatikani, na plani ilitakiwa Jumamosi kwa sababu Direkta wa kampuni anakuja. Ilikuwa tayari Jumamosi. Direkta aliinyanyua dirishani, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Kijivu chake kilikuwa laini, kipande kimoja, bila pindo popote. "Nani alifanya hii?" akauliza. Mpimaji Mkuu akanionyesha kwa kidevu. "Ule mwanamuke." Nilitembea wiki nzima miguu haigusi chini.

Baadaye nilirudishwa Lubumbashi, na miaka yangu ya mwisho niliimalizia katika biro moja ya viwanja iliyorithi plani za kampuni. Hapo ndipo zikaja kompyuta. Sikuzichukia, mnisikie vizuri. Nilijifunza kama wengine, nikawashinda wengine. Kilichoniudhi ni mkubwa wa mwisho, Mkurugenzi mwenye tai, aliyeingia siku moja akashika plani yangu kwa vidole viwili. "Mama Philo, lavi ni uzuri tu," alisema. "Sasa tunatafuta précision, vipimo kamili." Uzuri tu! Nikamwuliza kama amewahi kuigeuza. Akadhani natania. Miezi michache baadaye nikastaafu, wakanipa saa ya ukutani na hotuba, nikaenda zangu nyumbani Makomeno kupanda maua na kugombana na majirani kuhusu mitaro.

Basi mwaka jana, kabla ya mvua, Béatrice akaja na bahasha. Shule yake ilikuwa imejaa hadi watoto wanasoma kwa zamu, na hatimaye amepata kiwanja cha kujenga madarasa sita. Alikipigania miaka mingi, ninyi hamjui alivyohangaika. Akatandika plani juu ya meza yangu ya chakula, uso unang'aa. "Tazama, mama. Hapa njo tutajenga."

Nikatazama. Mistari ilikuwa yangu. Mtu anaujua mkono wake. Ukingo ule niliouzunguka siku tatu ulikuwepo, mstari mtupu, kama mpaka wa shamba. Nikaigeuza karatasi, nyuma nyeupe. Ni kopi ya mashine, nikajiambia, lakini kijivu kingetokea hata kwenye kopi, kiko wapi? "Béa," nikasema, "pale ni remble. Chini hakuna kitu."

"Mama, plani iko na stempu ya biro."

"Ninakuambia niliichora mimi!"

"Najua. Na ni mistari yako. Basi onyesha mimi mahali ulichora kama kuko remble." Akaningoja. Nikaigeuza tena karatasi. Akaikunja plani taratibu. "Mama, imepita miaka ngapi? Labda unachanganya na mahali pengine."

Ati nachanganya! Nililala na njaa siku ile kwa hasira. Jumamosi nikapanda gari la Kipushi, nikaenda mwenyewe kwenye kamati ya wazazi. Kamba za msingi zilishavutwa uwanjani, matofali yamepangwa. Nikasimama nikawaambia wote ni vipofu, biro ni ya wapumbavu, na fundi wao mwashi hajui hata maana ya ardhi. Fundi huyo, mtu mnene mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, tuko na plani ya Leta, ya serikali," alisema. "Weye uko na nini?" Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Béatrice aliinamisha uso. Wakaniambia msingi utaanza kuchimbwa wiki ijayo, tena ni msingi wa goti tu, kwa kuwa ardhi ni ngumu. Goti! Na udongo mzuri ulikuwa wa kiuno. Wangejenga, wangeezeka, wangewaingiza watoto, na mvua ya mwaka wa pili au wa tatu ingefanya yaliyobaki.

Jumatatu nikawa mlangoni pa biro ile ya viwanja kabla haijafunguliwa. Mkubwa wa arkiv, chumba cha plani za zamani, sasa ni kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu, alinipa kiti. Nikamwambia nataka kuona kitambaa chenyewe, si kopi. Akakileta. Haki ya Mungu nilikishika nikadhani ni shuka. Mng'aro wote umekwenda, kimelegea, kimejikunja. Mbele mistari imesimama. Nyuma, weupe.

"Mulifanya nini hapa?" nikauliza.

"Tulisafisha, mama. Nyuma ilikuwa chafu."

"Chafu?"

"Madoa, mama. Bya kijivu-kijivu. Tulipitisha sponji na sabuni kidogo kabla ya kuitia mu skana."

Nilipiga kelele mpaka watu wa biro za jirani wakatoka. Nilimwambia madoa yale ni kazi yangu. Nilimwambia madoa yale ndiyo yanayosema chini kuna nini. Nikamwuliza kama ni mama yake aliyemfundisha kuosha kitu asichokijua, na hapo nilivuka mpaka, najua. Nilipotulia ili nipate pumzi, yule kijana akafungua droo nyingine. Akatoa kitambaa cha pili, cha tatu, cha nne, akavigeuza mbele yangu kimoja kimoja.

"Mama, usikasirike," alisema. "Hizi zote tulipangusa na sponji ile ile. Kijivu ikakatala kutoka. Tukaiacha vile. Yako tu njo ilitoka. Miye mwenyewe nilishangaa."

Nikatazama. Kweli kabisa. Kazi za wale wanaume wawili niliowadharau, lavi zao mbaya zenye pindo kila mahali, zilikuwepo zote. Kitambaa kimelegea lakini kijivu kimeshika. Changu, kile kizuri, kile alichokinyanyua Direkta dirishani, kilikuwa kimekwenda na maji.

Hapo nikakumbuka, na nilipokumbuka niliketi. Wiki ile Kipushi wino wa China uliishia kwenye mistari, haukubaki wa lavi. Mtu wa stoo aliniambia ningoje siku kumi. Mimi sikutaka kungoja, kwa sababu Direkta anakuja Jumamosi na nilitaka aione. Nilichovya brashi katika wino wa kalamu ya kujaza. Ndiyo maana kijivu kile kilikuwa laini vile, kwa sababu wino ule ni mwepesi. Nilijua hausimami kwenye maji. Nilijifunza hivyo siku yangu ya kwanza. Nikajiambia wino wa China ukifika nitapaka tena juu yake. Ukafika. Lakini kila mtu alikuwa anaisifu lavi ile, na tabaka la pili lingeiharibu, basi nikaiacha. Sikumwambia Mpimaji Mkuu, sikumwambia Shefu wa Biro, na baada ya mwaka mmoja sikujiambia hata mimi.

Nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka Makomeno. Niliona haya ambayo sikuwahi kuiona, na nikiwa na haya mimi huwa nakasirika, basi nilimkasirikia mtu wa stoo, nikamkasirikia Direkta, nikamkasirikia Mkurugenzi mwenye tai. Nilipofika nyumbani hakubaki mtu wa kumkasirikia. Na siku zilikuwa zinakwenda. Ningeweza kurudi Kipushi nikasema "wameosha", na ni kweli waliosha. Lakini wangeniuliza mbona za wengine hazikutoka, na fundi yule mpole angeniuliza kwa adabu yake.

Nikarudi. Kamati ilikutana ndani ya darasa, wazazi wameketi kwenye madawati madogo, magoti kidevuni. Waliponiona, wengine wakaanza kunong'ona. Nikaomba dakika moja. Sikupiga kelele.

"Plani yenu haina kijivu kwa sababu yangu," nikawaambia. "Nilipaka na wino wa barua, ule unaotoka na maji. Nilijua haufai. Nilitaka Direkta anisifu. Kama ningetumia wino wenyewe, sabuni isingeutoa, na leo mngeona kwa macho yenu kwamba pale ni shimo lililojazwa. Ni mimi niliyekosa. Nawaomba msijenge."

Fundi alijikuna shingo. Mzazi mmoja akasema tena habari ya muhuri wa biro. Ndipo Béatrice akasimama.

"Miye niko mutoto wake," alisema. "Nilikuwa nasema kichwa yake inachoka. Lakini tangu nilizaliwa sijasikia mama anasema alikosa. Hata chumvi ikizidi mu chakula, ni kosa ya muuzaji. Leo amekuya kusema ile mbele yenu bote." Akamgeukia fundi. "Baba, tutachimba kwanza. Kiuno."

Wakaniambia nionyeshe wapi. Sikuwa na daftari, lakini ukingo ule nilikuwa nao miguuni. Nikatembea, nikasimama, nikasema hapa ni ardhi, na hatua tano mbele ni remble. Pale pa kwanza walichimba mpaka kiuno, fundi akapiga baramina, ile fimbo ndefu ya chuma ya kuvunjia mawe, ikagonga na kumrudi mikononi. Wakaja pale pa pili. Udongo mwekundu mzuri, goti, paja, kiuno. Fundi akainyanyua baramina akaiachia. Haikugonga. Ilikwenda chini kwa uzito wake mwenyewe mpaka ikabaki shubiri moja nje, na mle shimoni tukasikia mawe yakiendelea kuporomoka peke yao, mbali. "Weee!" fundi alisema, akaruka nje na kukaa chini. Béatrice alikuja akanishika mkono, akaushika kwa nguvu mpaka ukauma. Kamba zikang'olewa siku ile ile. Madarasa sasa yako upande wa barabara, juu ya ardhi ngumu, na nimeyaingia yote sita.

Vijana mnaosoma haya mtataka funzo. Sijui kama ninalo. Nimekasirika maisha yangu yote, na mara nyingi nilikuwa na haki: ufagio ule, mshahara ule, yule wa "uzuri tu". Lakini haki hiyo ilinifanya nisijichunguze, na hilo nalisema kwa uchungu. Kustaafu kumenipa muda wa kuhesabu lavi zangu zote, moja moja, nikijiuliza ni wino gani. Naamini ni ile moja tu. Naamini, lakini nimewaomba wazigeuze zote.

Nilirudi biro nikiwa na chupa yangu ya wino wa China, nikaomba kukipaka kitambaa upya. Mkubwa wa arkiv alinipa fomu ya masahihisho. Kulikuwa na kisanduku cha chanzo cha kosa. Nikaandika kwamba aliyechora alitumia wino usiofaa akijua haufai, nikatia jina langu lote, la ubatizo na la baba. Yule kijana alisoma, akasoma tena, akataka kuichukua. Nikaishikilia.

"Sasa na weye andika yako."

"Yangu, mama? Haina nafasi."

"Andika pale chini."

Akatazama mlangoni, kisha akatazama kitambaa. Akaipokea kalamu. "Niandike nini?"

"Andika: tuliosha na sabuni."

Akaandika. Mwandiko wake mbaya sana, lakini unasomeka.